Mbegu za Mti wa Chini

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shule na kazi ya nyumbani iliyonifanya niusahau ugali jikoni mpaka ukashika sufuria. Alitakiwa kurusha kifuniko cha soda mara mia moja, aandike kila mara kimeangukaje, kisha aseme uwezekano wa kuanguka meno yakiwa juu ni kiasi gani. Kazi nyepesi, utasema. Shida ni kwamba nyumbani kwetu hapa Kitale hakuna kifuniko cha soda cha bati. Nilienda mpaka dukani pale kona, na muuzaji akanitazama kana kwamba nimeitisha pasi ya makaa. Soda zake zote ni za chupa ya plastiki, akaniambia, na kifuniko cha plastiki nichukue bure nikitaka.

Niliporudi mikono mitupu, binti yangu hakuonekana kusikitika hata kidogo. Alikuwa ameshachora jedwali lake kwa rula.

"Mathe, si niandike tu hamsini hamsini? Mwalimu hawezi jua."

Nilicheka, halafu kicheko kikanikwama. Nilimwambia afunge daftari, kwamba Jumamosi tungeenda Kibabii, kule Bungoma, nyumbani kwa marehemu nyanya yangu, na huko vifuniko havingekosekana. Alilalamika kwamba ni mbali sana kwenda kuokota takataka. Njiani nikamsimulia kwa nini ninazo hasira na hamsini hamsini. Acha nikusimulie na wewe, rafiki yangu, na wewe nitakupa hata sehemu ambayo yeye nilimficha mpaka tulipofika.

Nililelewa na nyanya kuanzia darasa la tatu. Baba na mama walikuwa vibarua kwenye shamba kubwa la mahindi Kitale, wakiishi chumba kimoja, na mtoto wa kusoma hakuwa na pa kuweka hata vitabu. Basi nikapelekwa Kibabii kwa nyanya na babu. Nyanya nilimwita kukhu, kama watoto wote wa Kibukusu wanavyowaita nyanya zao. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa kupita mwili wake, na hakupenda mtu anayeongea huku anakula.

Ukitaka kujua nilikulia wapi hasa, nilikulia jikoni kwake. Ilikuwa nyumba ya udongo iliyojitenga, nyeusi ndani kwa masizi, yenye harufu ya moshi, maziwa na viazi vitamu. Juu ya meko kulikuwa na miti mitatu iliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, mmoja juu ya mwingine kama vipago vya ngazi. Kwenye miti ile yalining'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake. Moshi uliyakausha na kuwafukuza fukusi. Hakuna aliyeyagusa isipokuwa babu.

Babu ndiye aliyechagua mbegu. Kila mavuno aliingia shambani peke yake kabla ya sisi wengine, akipita mstari kwa mstari, akipapasa mahindi bila kuyavunja. Nilimfuata kwa mbali nikitaka kujua anatafuta nini. Alitaka hindi lililojaa punje mpaka nchani, lililotoka kwa mti ambao upepo haukuulaza. Akishalipata aling'oa punje moja, akaiuma kwa jino la kando, akasimama kama anayesikiliza jambo. Mengine aliyakataa na sikuwahi kuelewa sababu. Nilipomuuliza aliniambia nitajua nikiota meno ya uzee.

Babu alifariki mwezi wa kwanza nilipoingia darasa la saba, mbegu ya mwaka ule ikiwa tayari juu ya miti. Matanga yalichukua siku nane. Masufuria makubwa yalikuwa nje, lakini moto wa jikoni nao haukuzimika: chai, uji wa wazee, maji ya wageni kuoga. Akina mama wa jirani waliopika walisukuma mekoni magogo ambayo kukhu hangeyaruhusu kupita mlangoni. Yeye alikuwa ameketi nje kando ya mumewe, mahali pa mjane. Nani angekumbuka kuangalia juu.

Baba ndiye aliyeangalia, asubuhi ya kurudi Kitale. Aliingia kuaga, akainua macho, akayaona maganda ya mahindi ya mti wa chini yamekuwa ya kahawia.

"Mama, hii mbegu imeiva," alisema. "Sasa ni ya kusaga tu. Nitakutumia mfuko ya mbegu ya duka."

"Hiyo ni mkono ya baba yako," kukhu alimjibu.

"Najua. Lakini moto imepika."

"Wewe umejuaje?"

Baba hakujua, na kukhu naye hakujua, na hapo ndipo palipokuwa na uzito wote. Shamba lilikuwa ekari moja, na chakula chetu cha mwaka mzima kilitoka humo. Akipanda mbegu iliyokufa, tungelala njaa. Asipoipanda, basi mahindi ambayo babu alikuwa ameyarithi kwa baba yake, akayachagua kila mwaka kwa jino lake, yangeishia hapo, maana mbegu ikikaa msimu wa pili ndiyo inazidi kuchoka. Kukhu aliupokea mfuko wa mbegu ya duka ulipofika, akauweka chini ya kitanda bila kuufungua.

Sasa nikuambie kuhusu mwalimu wetu wa hesabu. Alikuwa mtu wa Cheptais, kule kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na kila Jumatatu alirudi kutoka kwao akinuka vitunguu. Alikuwa na koti moja lenye mifuko iliyojaa vitu: mbegu za mparachichi, vifungo, vipande vya chaki, wakati mmoja hata konokono. Ijumaa jioni, wakati madarasa mengine yako mpirani, alitufungia ndani na kutufundisha mambo ambayo hayakuwa kwenye silabasi ya darasa la saba. Tulinung'unika, lakini hakuna aliyetoroka.

Ijumaa moja alituagiza kila mtu aje na vifuniko kumi vya soda. Kwetu vilikuwepo. Wakulima wa kwetu walipimia mbolea kwa kifuniko cha soda, kifuniko kimoja kila shimo, na kukhu alivihifadhi ndani ya mkebe kama vyombo vya kazi. Alinihesabia kumi mkononi akaniambia virudi kumi.

Mwalimu alishika kimoja juu. Akauliza, nikikirusha, uwezekano wa kuanguka meno juu ni gani?

"Si ni nusu nusu tu, mwalimu," kijana mmoja wa nyuma alisema. "Iko na pande mbili."

"Sawa. Na mwalimu mkuu saa hii ama ataingia hapa, ama hataingia. Hiyo pia ni pande mbili. Ni nusu nusu?"

Tulicheka, kwa sababu mwalimu mkuu hakuwahi kuonekana Ijumaa jioni tangu shule ijengwe. "Basi rusheni tuone," akasema.

Usiniulize kelele za siku ile. Watoto arobaini wanarusha mabati kwenye sakafu ya saruji na kupiga mayowe ya juu na chini. Tuliandika vijiti daftarini, vinne na kimoja cha kukata, vinne na kimoja cha kukata. Tulipojumlisha darasa zima, meno juu ilikuwa imeizidi meno chini, na si kwa kidogo. Nilishikwa na kitu ambacho sijui nikiite nini. Nilikuwa nimevishika vifuniko vile miaka yote, nikavipimia mbolea, na sikuwahi kujua kwamba vina upande vinaoupendelea. Nilitembea kwenda nyumbani nikijiuliza ni vitu gani vingine ninavyovishika kila siku na sivijui.

Lakini udadisi ni jambo moja na uvivu ni jambo lingine. Mwalimu alitaka kila mtu arushe mara mia nyingine nyumbani, na alikuwa na maneno aliyoyarudia mpaka tukamwigiza: andika ulichoona, si ulichotaka. Nilirusha mara tisa. Kukhu akaniita nikateke maji, kisha ndama akafungua kamba, kisha kulikuwa na sukumawiki ya kukata. Kesho yake asubuhi nilikaa nyuma ya choo nikazibuni zote zilizobaki: juu, chini, juu, juu, chini, juu, chini, chini, juu. Nilihakikisha meno juu imezidi kidogo ili nisishukiwe.

Mwalimu alisoma daftari langu chini ya dakika moja.

"Kifuniko chako kina adabu sana," alisema. "Hakijawahi kurudia upande mmoja mara nne. Kwani kilikuwa kinakumbuka kilivyoanguka?"

Alinipa kifuniko kutoka mfukoni mwake, akanisimamisha mbele. Kabla sijafika mara thelathini kiliangukia meno juu mara sita mfululizo, na darasa lote likahesabu kwa sauti. Hakunichapa. Alinifanya nirushe mia mbili wakati wa mapumziko huku wenzangu wakila miwa. Nilijifunza siku ile kwamba bahati halisi haijipangi vizuri, na naona aibu kukuambia kwamba nilijifunza pia namna ya kudanganya vizuri zaidi.

Wiki mbili baadaye alitutaka kila mmoja achunguze jambo la nyumbani kwao, lolote, mradi lihesabike. Msichana mmoja wa karibu na msikiti wa mjini, ambaye mama yake alikaanga maandazi, alisema atahesabu yanayofura na yanayobaki bapa. Mwingine alihesabu kuku wa jirani waliotaga nje ya kiota. Mimi nilisema nitajaribu mbegu za babu.

Kukhu alikubali kwa haraka iliyonishangaza. Nadhani alikuwa anangoja mtu amtoe pale alipokwama. Nilipanda kwenye kigoda, nikachukua punje mia moja, nikazipanga mistari kumi juu ya kipande cha gunia kilicholowa, nikalikunja, nikaliweka kando ya meko penye joto. Asubuhi na jioni nililinyunyizia maji. Siku ya tatu lilianza kutoa harufu tamu kama ya kimea cha pombe ya busaa, na ilinichukua nguvu zote kutolifungua. Mwalimu alikuwa amesema siku sita.

Siku ya sita nilifungua nikiwa peke yangu. Baadhi ya punje zilikuwa zimetoa mzizi mweupe, na nilifurahi, mpaka nilipoanza kuhesabu. Zilizobaki zilikuwa zimevimba tu, nyingine zimeota ukungu, ukizibinya zinatoa maji yanayonuka. Nilihesabu mara tatu. Thelathini na moja.

Kukhu aliingia na ndoo ya maziwa. Alisimama palepale mlangoni, hakulisogelea hata lile gunia.

"Imeota ngapi?"

Nilikuwa na namba mdomoni, ile ya kweli. Nikamtazama usoni. Tangu matanga yaishe nilikuwa sijamwona akingoja kitu chochote.

"Themanini na sita," nikasema.

Aliweka ndoo chini polepole. Akasema sawa, akatoka. Nilizitupia kuku punje zote, zilizoota na zilizooza, na kwenye daftari nikaandika mistari kumi ya uongo uliopangwa kwa ustadi: mstari mmoja kumi kamili, mwingine sita tu, mingine nane na tisa, hakuna adabu popote. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa kama mfano wa kazi safi. Nilikaa pale nikitazama vidole vyangu.

Yule mwalimu hakugundua, na wala hangegundua. Kilichonishinda ni jambo nililoliona jioni ya siku hiyo. Nilikuwa natoka mtoni, na kaburi la babu lilikuwa pale pembeni mwa migomba. Kukhu alikuwa amesimama mbele yake na jembe begani, anaongea kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayezungumza na mwenzake kupitia ukuta. Sikusikia yote. Nilisikia akisema imeota, na nilisikia akitaja themanini na sita. Kisha akampigia jirani kelele ng'ambo ya ua, aje Jumamosi achukue ile mbegu ya duka, sisi tumejitosheleza.

Sikula vizuri kwa siku mbili. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mlima na watu wa Bokoli, tuliambiwa, walikuwa wameshapanda. Ijumaa asubuhi nilimkuta kukhu anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilichuchumaa mbele yake.

"Kukhu, ilikuwa thelathini na moja."

Mikono yake iliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akalitupa nje. "Ulisema themanini na sita."

"Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Nilitaka ufurahi."

"Nilifurahi," alisema. "Nilienda kumwambia."

Heri angenichapa. Alimaliza maharagwe yake, akafunga kitambaa kichwani, akavaa viatu vya kanisani, akanishika mkono mpaka shuleni. Kukhu hakuwa amewahi kukanyaga shule ile. Alisimama mbele ya mwalimu wa hesabu akasema mtoto wako ana neno.

Nilisema yote huku nikilia. Nadhani mwalimu naye ilimuuma, maana alikuwa amenisifu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Hizo mia moja ulitoa wapi?"

"Kwa mahindi ya babu."

"Mahindi yapi? Nionyeshe ulivyofikia."

Niliinua mkono juu, nikisimama kwa vidole vya miguu kama nilivyofanya kwenye kigoda. Alinitazama nilivyo, akamgeukia kukhu.

"Mama, hayo mahindi yako juu ya mti mmoja?"

"Mitatu."

"Basi huyu alijaribu mahindi ya pale mkono wake unafika. Ya mti wa chini tu, yale karibu na moto. Ya juu hatujui."

Kukhu alikaa chini kwenye dawati la mbele. Aliuliza itachukua siku ngapi kujua. Alipoambiwa ni sita tena, alichungulia mawingu dirishani. "Mwarimu," alisema, "mvua ikinyesha kesho?"

"Ikinyesha, wenzako watapanda kesho. Wewe utapanda ukiwa unajua."

Jioni ile darasa letu lote lilijaa ndani ya jikoni la kukhu na nje yake. Kukhu mwenyewe alipanda ngazi akashusha kutoka kila mti, si mahindi ya mahali pamoja bali huku moja, kule moja, mwanzo wa mti mpaka mwisho wake. Tulipata magunia matatu: mia moja za mti wa chini, mia moja za kati, mia moja za juu. Msichana wa maandazi aliandika, kijana wa nusu nusu akahesabu upya nyuma yake. Mimi niliruhusiwa kunyunyiza maji tu.

Mvua ilinyesha siku ya pili. Ilinyesha siku ya tatu pia, na majirani wote wakaingia mashambani na kamba zao na mbolea zao. Kukhu alikaa mlangoni anawatazama. Walimpitia wakimsalimia mulembe, wakiuliza kama ni mgonjwa. Aliwaambia anangoja watoto wa shule wamalize hesabu, na walivyocheka unaweza kuwaza mwenyewe.

Siku ya sita tulifungua. Mti wa chini ulitoa ishirini na tisa. Wa kati hamsini na moja. Tulipofungua gunia la juu mizizi ilikuwa imesukana kama uzi, na tukaanza kuhesabu kwa sauti, na tulipopita sabini kukhu alianza kuhesabu pamoja nasi kwa Kibukusu. Themanini na nane. Sijaongeza hata moja.

Ile ya kati ndiyo iliyompa mwalimu raha. Hii sasa ni nusu nusu ya kweli, alisema, na akatoa shilingi tatu mfukoni mwa koti. Kila shilingi ni punje, kichwa imeota, ngao imekufa. Rusha zote tatu pamoja: hilo ni shimo moja lenye mbegu tatu. Zikianguka ngao zote tatu, shimo ni tupu. Tulirusha mara mia pale uani, kuku wakitukimbia miguuni, na mashimo matupu yalikuwa kumi na matatu. Kukhu alituuliza kama anaweza kuishi na kumi na matatu. Alijijibu mwenyewe kwamba ameshaishi na zaidi ya hayo.

Tulipanda siku iliyofuata. Mahindi ya juu mbili mbili kwa shimo, ya kati tatu tatu, na upande wa chini wa shamba, ambako mbegu ya babu haikutosha, tukafungua mfuko wa baba, ambao jirani hakuwahi kupewa. Kukhu alitoboa, mimi nikaangusha, vifuniko vya soda vikapima mbolea. Mahindi ya mti wa chini tuliyasaga, tukala ugali uliokuwa na ladha ya moshi wiki nzima.

Yalipoota alinipeleka kwenye mahindi ya mti wa kati, tukahesabu mashimo mia moja pamoja, yeye upande huu wa mstari na mimi ule. Matupu yalikuwa kumi na matano. Nilimkumbusha kwamba shilingi zilisema kumi na matatu.

"Hiyo shilingi ilijuaje shamba yangu?" aliniuliza, na akacheka mpaka akashikilia kiuno. Hicho ndicho kicheko chake cha kwanza tangu mumewe azikwe, na ninakikumbuka vizuri kuliko shahada yangu. Kisha akaelekea kwenye migomba, nikajua anaenda kurekebisha ile namba.

Kila mwaka baada ya hapo tulijaribu mbegu kabla ya kupanda, kutoka miti yote mitatu. Yeye ndiye aliyechagua sasa, na aliuma punje kama babu, na hakunieleza pia. Niliendelea hivyo mpaka nikaenda sekondari, kisha chuo, kisha kazi ikanileta Kitale. Nilipiga simu kila mwezi wa tatu kuuliza zimeota ngapi. Aliniambia namba halisi, hata zilipokuwa mbaya.

Haya yote nilimsimulia binti yangu njiani. Tulipofika Kibabii alishuka akauliza shamba liko wapi. Chuo kikuu kilipokuja, vyumba vya kukodisha vilikifuata, na ekari ile sasa ni ghorofa mbili za wanafunzi zenye nguo zilizoanikwa kwenye vyuma. Jikoni halipo. Pale mahindi ya mti wa kati yalipoota kuna baa, ambayo asubuhi ile ilikuwa imefungwa, na nyuma yake kulikuwa na vifuniko vya bia vilivyotapakaa vumbini kwa mamia. Binti yangu alichagua kimoja kisichopindika, akakipangusa kwa sketi, akachuchumaa kwenye saruji na daftari lake.

Nilisimama nikimtazama, na nikaona nimmalizie. Nilimwambia kwamba kukhu alifariki ghafla, kipindi cha kiangazi, mbegu ikiwa juu. Nilifika kutoka Kitale siku ya pili ya matanga nikiwa na njaa. Mama mmoja jirani alinipa sahani ya githeri ya moto, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, nikaketi jikoni nikala yote, tena nikaongezwa. Ndipo nilipoinua macho. Miti yote mitatu ilikuwa mitupu. Nilimuuliza yule mama kuhusu mahindi, akanijibu kwa upole kwamba yalikuwa makavu mazuri, wakapukuchua yote, si yalikuwa ya chakula. Aliponitazama alikuwa ametokwa jasho tangu alfajiri kwa ajili yetu. Nilimshukuru. Kwenye sahani yangu zilikuwa zimebaki punje sita za mahindi, na nilizitazama kwa muda mrefu kabla ya kurudisha sahani.

Binti yangu alikuwa ameacha kurusha.

"Na kama wangepanda," aliuliza, "ingeota ngapi?"

Nikuambie ukweli, rafiki yangu, themanini na sita ilinijia mdomoni baada ya miaka yote hiyo, tayari, na uso wake ulikuwa unaingoja.

"Sijui," nilimwambia. "Hatukujaribu."

Alinitazama kidogo, akachora kijiti kimoja daftarini, akarusha tena.